Simu Imesasishwa, Barua Pepe Zimenyamaza: Tatizo Liko Wapi?

Mama mmoja anayeshona sare za shule alinikuta mlangoni pa kibanda changu cha kutengenezea simu, nyuma kidogo ya Luthuli Avenue hapa Nairobi, saa mbili na nusu asubuhi, hata kufuli sijatoa. Simu yake ilikuwa imejisasisha usiku akiwa amelala. Alipoamka, kimya. Hakuna barua pepe hata moja iliyoingia, na kuna shule iliyokuwa imemwahidi kumtumia vipimo vya wanafunzi jioni ya jana. Alipaswa kujibu kabla ya saa sita mchana, la sivyo kazi apewe mwingine. "Kijana wangu," akaniambia, akinikabidhi simu kwa mikono miwili, "hii kitu imekula barua zangu."

Haikuwa imekula kitu. Nilimwomba afungue kivinjari, kama Chrome, aingie kwenye akaunti yake kupitia tovuti, vile mtu angeingia akiwa saiba. Barua ya vipimo ilikuwa pale juu kabisa, imekolea wino kwa kuwa haijasomwa, imefika saa moja na dakika kumi jioni. Mabega yake yakashuka. Hatukuwa tumetengeneza chochote bado, lakini tulishajua jambo kubwa kuliko yote: barua ipo, anayeumwa ni simu.

Ninaandika haya kwa sababu kila sasisho kubwa la Android au la iPhone linapotoka, watu hapa Nairobi hupoteza siku nzima, na pesa, kwa jambo ambalo wangelimaliza wenyewe wakiwa kwenye matatu. Wengine hupoteza zaidi ya siku. Hupoteza barua zenyewe, na hapo ndipo mimi huumia.

Neno moja kabla ya kuendelea. Simu nyingi mjini zimewekwa kwa Kiingereza, na kila kampuni huita mipangilio yake kwa majina yake. Kwa hiyo nitaeleza kitu kinafanya kazi gani, wewe ukitafute kwenye simu yako. Sehemu ya juu ya mipangilio huwa na alama ya kutafutia. Andika "betri" au "akaunti" kwa lugha ya simu yako, itakupeleka.

Iulize seva kwanza

Barua pepe haikai ndani ya simu kama picha uliyopiga. Inakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayohifadhi barua: ya Google, ya Microsoft, ya Yahoo, au ya kampuni iliyokuuzia jina la biashara yako linaloishia na .co.ke. Programu ya simuni ni mjumbe. Inaenda kwa seva, inabisha hodi, inajitambulisha, inachukua nakala na kuja kukuonyesha. Sasisho la simu haligusi seva hiyo. Linamvuruga mjumbe.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kivinjari, kila mara, hata kama una hakika unajua kasoro ni nini. Ukizikuta barua zako huko, tulia. Kilichobaki ni kumtengeneza mjumbe. Ukikatazwa kuingia huko pia, ruka hadi pale ninapozungumzia nenosiri. Na ukiingia lakini barua unayoingoja haipo, acha kuisumbua simu. Tazama folda ya barua taka, kisha tazama nafasi iliyobaki. Google hutoa GB 15 bila malipo, na nafasi hiyo inatumiwa kwa pamoja na Gmail, Drive na Google Photos. Ikijaa na ikaendelea kuwa imejaa, barua mpya hurudishwa kwa aliyezituma, na wewe hupati hata tetesi. Nimeliona hili likitokea wiki ileile ya sasisho: mwenye simu aliogopa kupoteza picha, akazipandisha zote mtandaoni kabla ya kusasisha, video za ruracio (sherehe ya mahari) zikajaza nafasi, halafu sasisho likalaumiwa.

Usiondoe akaunti bado

Ushauri unaotolewa haraka kuliko wote mitaani ni huu: ondoa akaunti kwenye simu, kisha iweke upya. Mara nyingi unafanya kazi. Lakini kuna akaunti ambazo ukiziondoa, umechoma nyumba kumtafuta panya.

Miaka yangu ya kwanza kwenye kazi hii, mzee mmoja aliniletea simu iliyokataa kufungua barua baada ya sasisho. Nikaondoa akaunti bila kuuliza. Nilipoirudisha, sanduku lilikuwa tupu. Ilikuwa imewekwa kwa mtindo wa POP, ule ambao simu huzichukua barua na kuambia seva izifute. Nakala ya pekee ilikuwa kwenye simu ile, na mimi ndiye niliyeifuta. Ndani yake kulikuwa na mazungumzo ya miaka minne kuhusu shamba. Nilimwomba msamaha, akakubali, lakini barua hazikurudi. Tangu siku hiyo siondoi akaunti ya mtu kabla sijaona mtindo wake kwa macho yangu.

Kuuona ni rahisi. Fungua mipangilio ya akaunti ndani ya programu ya barua, tafuta sehemu ya seva ya barua zinazoingia. Ukiona jina linaloanza na imap, au namba 993 au 143, uko salama: barua zinabaki kwenye seva na simu inaonyesha nakala. Ukiona pop, au namba 995 au 110, simama hapo. Nenda kwenye kivinjari uhakikishe kwamba barua za zamani zinaonekana huko. Zisipoonekana, zitume kwanza moja moja kwenye anwani nyingine, au mpelekee mtu mwenye kompyuta akuhamishie, kabla hujagusa kitu.

Hata kwenye IMAP kuna vitu viwili vinavyoweza kupotea: rasimu ulizoandika ambazo hazijafika kwenye seva, na barua zilizokwama kwenye folda ya kutumwa. Nakili maneno yake, yabandike kwenye daftari la simu. Inachukua dakika moja.

"Haziingii mpaka nifungue programu mwenyewe"

Hili ndilo lililomleta yule mama, na ndilo ninaloliona kuliko yote. Kabla ya kurekebisha, fanya jaribio dogo. Jitumie barua kutoka akaunti nyingine, iweke simu mezani na usiiguse kwa dakika tano. Kisha fungua programu ya barua ukiiangalia kwa makini. Je, barua iko pale tayari papo hapo programu inapofunguka? Au orodha inafunguka ikiwa ya zamani, kiduara kinazunguka, ndipo barua inadondoka? Ukikuta ipo tayari, mjumbe alienda akarudi, ila hakukupigia kengele: kasoro ni ya arifa. Ukiona inadondoka mbele ya macho yako, mjumbe alikuwa amelala. Watu huyachanganya mambo haya mawili na kuhangaika na sauti za arifa wakati programu imelazwa usingizi.

Usingizi wenyewe una historia. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu ikikaa bila kuguswa huzibana programu zisitumie intaneti kiholela, ili betri idumu. Kampuni za simu zikaongeza ubanaji wao juu ya huo. Samsung ina orodha ya programu zinazolala na nyingine zinazolala fofofo, ambazo hazifanyi kazi kabisa mpaka uzifungue. Tecno na Infinix huja na programu ya Phone Master inayofunga nyingine zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Redmi huhitaji upe programu ruhusa ya kujiwasha yenyewe. Sasisho kubwa likipita, orodha hizi zinaweza kupangwa upya, na programu uliyoiruhusu mwaka jana inajikuta imerudishwa kitandani.

Dawa yake: nenda kwenye mipangilio ya programu zote, chagua programu yako ya barua, fungua sehemu ya betri, uiruhusu itumie betri bila kizuizi. Kwenye Samsung, ingia pia kwenye orodha ya programu zinazolala uitoe. Kwenye Redmi, Tecno na Infinix, tafuta ruhusa ya kujiwasha na uiwashe. Kisha ndani ya programu ya barua yenyewe, hakikisha usawazishaji (sync) wa akaunti umewashwa. Kuna swichi moja ya simu nzima kwenye sehemu ya akaunti, na nyingine ndani ya Gmail kwa kila akaunti. Moja ikiwa imezimwa, nyingine haisaidii.

Halafu kuna bando. Wengi wetu tumewasha hali ya kuokoa data ili bando la siku lifike jioni, na hiyo ni busara. Lakini hali hiyo inazizuia programu zisizofunguliwa zisiguse data. Huna haja ya kuizima. Ndani yake kuna orodha ya programu zinazosamehewa. Iweke ile ya barua humo. Barua za maandishi matupu hazili bando la kukufilisi.

Wenye iPhone wana jambo lao. Programu ya Mail ya Apple haipokei barua za Gmail papo hapo zinapofika. Inaenda kuzichukua kwa ratiba. Ratiba ikiwekwa kwenye chaguo la "kiotomatiki", simu huchukua barua nyuma ya pazia pale tu inapochajiwa na ikiwa kwenye Wi-Fi. Fikiria mtu anayetoka Rongai saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, siku nzima yuko kwenye data ya laini. Barua zake za mchana ataziona usiku akichomeka chaja kitandani. Badilisha ratiba iwe kila dakika 15, au tumia programu ya Gmail yenyewe, ambayo hupata taarifa papo hapo. Usiishangae mipangilio ya Mail ukiikosa mahali ulipoizoea: kuanzia iOS 18 imehamishiwa ndani ya sehemu ya programu, chini kabisa ya ukurasa wa mipangilio. Hali ya kuokoa betri nayo, ile inayoifanya alama ya betri kuwa ya manjano, husimamisha uchukuaji wa barua.

Kama jaribio lilionyesha kuwa ni arifa, kazi ni fupi. Tangu Android 13, programu lazima ipewe ruhusa ndipo itoe arifa, kwa hiyo ukiisakinisha upya kisha ukagusa "hapana" kwa haraka, imenyamaza. Tazama pia ndani ya Gmail: kuna chaguo la kuarifiwa barua zote, za muhimu tu, au hakuna.

Yule mama, programu yake ilikuwa kwenye orodha ya zinazolala fofofo. Tuliitoa, tukajitumia barua ya majaribio, simu ikalia mkononi mwake. Saa tatu haijafika alikuwa ameshawajibu watu wa shule.

"Inasema nenosiri si sahihi, na ni sahihi"

Hapa nawaomba jambo moja: usiliandike tena na tena. Ukikosea mara kadhaa seva inaweza kukufungia, na sasa una matatizo mawili. Jaribu kwenye kivinjari mara moja. Likikubali huko na likikataliwa kwenye programu, nenosiri lako ni zima. Kilichopitwa na wakati ni namna programu inavyojitambulisha.

Zamani programu ilikuwa inabeba nenosiri lako na kulikabidhi kwa seva moja kwa moja. Kampuni kubwa ziliacha kulipokea hivyo. Google ilifunga njia hiyo kwa akaunti za kawaida tarehe 30 Mei 2022. Microsoft ilianza kuizima kwa akaunti za kazini Oktoba 2022, na kwa akaunti binafsi za Outlook na Hotmail tarehe 16 Septemba 2024. Njia ya sasa ni programu kukupeleka kwenye ukurasa wa Google au wa Microsoft wenyewe, uingie huko, kisha programu ipewe kibali chake maalumu bila kulijua nenosiri lako. Kibali hicho kinaweza kupotea wakati wa sasisho. Programu ikilazimika kuingia upya kwa mtindo wa kale, inakataliwa, na ujumbe unaokuja skrini ni uleule mfupi usiosema ukweli wote: nenosiri si sahihi.

Kama programu yako ni ya kisasa, iambie iongeze akaunti kwa kuchagua Google au Microsoft kwenye orodha, usichague "nyingine" na kuandika seva kwa mkono. Kama ni ya zamani na unaipenda, Google hukuruhusu kutengeneza nenosiri la programu, herufi 16, linalotumiwa na programu hiyo pekee. Sharti lake ni uwe umewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Yahoo pia wana utaratibu wa namna hiyo kwa programu za nje. Na kumbuka, ukibadilisha nenosiri kuu la Google, haya ya programu hufutwa yote. Watu hulibadilisha baada ya sasisho kwa kuogopa, kisha barua za kwenye kompyuta ya ofisini nazo zinagoma, wakadhani ni virusi.

Kuna uchungu mwingine hapa ambao natamani kila mtu auepuke. Kuingia upya kunadai namba ya siri inayotumwa kwa laini ya simu, na laini iliyoandikwa kwenye akaunti ni ile uliyoiacha miaka mitatu iliyopita. Ikikaa bila kutumiwa, laini hupewa mtu mwingine. Kabla ya kukubali sasisho lolote kubwa, wakati bado uko ndani ya akaunti, ingia kwenye sehemu ya usalama, uone kama namba na anwani mbadala ni zako za leo. Anayetegemea barua hiyo kwa ajili ya iTax au eCitizen anajua uzito wake.

"Ofisini zimegoma, nyumbani ziko sawa"

Zima Wi-Fi, washa data, jaribu tena. Jaribio hili la sekunde kumi limenipa majibu mengi kuliko kifaa chochote nilicho nacho.

Ofisi moja ya watu wachache kule Upper Hill iliniita kwa sababu simu zote zilipoteza barua kwa pamoja, siku mbili baada ya wawili wao kusasisha. Kila mmoja alikuwa na hakika sasisho limewaharibia. Nikamwomba wa kwanza azime Wi-Fi. Barua zikamiminika. Wa pili, zikamiminika. Tulipoirudisha Wi-Fi, kimya.

Sababu yake ilikuwa kwenye droo. Kulikuwa na tableti ya mapokezi iliyosasishwa pia, na akaunti yake ilikuwa bado na nenosiri la zamani. Ilikuwa inabisha hodi kwa seva kila baada ya dakika chache na kukataliwa, usiku na mchana. Seva za barua za kampuni zinazokodisha nafasi za tovuti huwa na mlinzi anayehesabu makosa ya namna hiyo. Yakizidi, hufungia anwani ya intaneti inakotoka. Na ofisi nzima, kwa nje, huonekana kwa anwani moja. Kosa la tableti moja likawafungia wote.

Tuliweka nenosiri sahihi kwenye tableti kwanza, ndipo tukaiomba kampuni ya seva ifungue anwani. Mpangilio huo ni muhimu: ukifunguliwa kabla ya kumnyamazisha anayebisha, utafungiwa tena kabla ya chai ya saa nne.

Likitokea kinyume chake, Wi-Fi sawa na data hapana, chunguza programu za VPN, zinazopitisha intaneti yako kwa seva nyingine, na za kuzuia matangazo, pamoja na mpangilio wa DNS ya faragha, unaoamua nani aitafutie simu anwani za seva, uliopo kwenye Android tangu toleo la 9. Vizime kimoja kimoja ujaribu. Na ukiwa kwenye Wi-Fi ya mkahawa au jumba la maduka, fungua kivinjari kwanza. Huenda kuna ukurasa unaosubiri ukubali masharti yao, na programu ya barua haina uwezo wa kukuonyesha ukurasa huo.

"Zinaingia, lakini zangu hazitoki"

Kupokea na kutuma ni njia mbili tofauti, zenye seva mbili, hata kama unaziona kwenye programu moja. Tazama kwanza folda ya zinazosubiri kutumwa. Mara nyingi kuna moja iliyokwama na zilizo nyuma yake zimepanga foleni. Huenda imebeba video. Gmail haikubali viambatisho vinavyozidi MB 25 kwa barua moja. Itoe hiyo, nyingine zitapita.

Kama si hivyo, fungua mipangilio ya seva ya barua zinazotoka. Namba yake iwe 587 au 465. Ukikuta 25, hiyo ndiyo kasoro: mitandao mingi huizuia kwa sababu ya watuma taka. Kisha hakikisha kisanduku cha kudai jina na nenosiri wakati wa kutuma kimewekewa alama. Nimekikuta hakina alama baada ya sasisho zaidi ya mara moja, hasa kwa akaunti za .co.ke zilizoandikwa kwa mkono.

"Cheti hakiaminiki"

Angalia saa ya simu. Kweli, saa. Cheti cha usalama, kile ambacho seva huionyesha simu kuthibitisha kuwa ni yenyewe, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na simu iliyorudi nyuma miaka kadhaa kwa sababu betri iliisha katikati ya sasisho itakikataa kila cheti. Weka tarehe na saa zijipange zenyewe kutoka kwa mtandao, majira ya Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa.

Saa ikiwa sahihi, yaelekea seva ndiyo iliyobaki nyuma. Mitindo ya zamani ya usimbaji (kuyaficha mawasiliano yasisomwe na wengine), TLS 1.0 na 1.1, ilitangazwa rasmi kuwa imepitwa na wakati Machi 2021, na simu mpya zinazidi kuikataa. Au jina la seva uliloandika, tuseme mail na jina la biashara yako, halilingani na jina lililo kwenye cheti. Mwulize anayekuhifadhia barua jina kamili la seva, uliandike hilo.

Programu nyingine hukupa chaguo la kukubali vyeti vyote. Tafadhali usilichague, zaidi sana ukiwa kwenye Wi-Fi ya bure. Hapo unaiambia simu imkabidhi nenosiri yeyote atakayejifanya seva yako.

Programu inajifunga yenyewe

Baada ya kusasisha mfumo, nenda kwenye duka la programu la simu (Play Store) usasishe programu zote, ikiwemo ile ya WebView ya Android, ambayo hakuna anayeikumbuka kwa sababu haina alama kwenye skrini. Programu nyingi huitumia kuonyesha kurasa. Machi 2021 toleo bovu la WebView lilifanya programu nyingi za Android zijifunge zenyewe, Gmail ikiwemo, na dawa ilikuwa kusasisha WebView na Chrome, basi. Waliofuta simu zao zote siku ile walijitaabisha bure.

Isipokubali, futa kache ya programu, yaani vitu vya muda inavyojiwekea. Kufuta kache hakupotezi barua. Kufuta data au hifadhi yote ya programu ni jambo jingine, ni sawa na kuondoa akaunti, na tahadhari yangu ya POP inahusika hapo. Na kama umesasisha leo, simu ina joto na iko polepole, iache usiku mmoja kwenye chaja na Wi-Fi. Inapanga upya vitu vyake, na utafutaji wa barua huenda usitoe majibu kamili mpaka imalize.

Jihadhari na wanaojua umesumbuka

Ukipata barua inayosema sanduku lako limefungwa kwa sababu ya sasisho, bonyeza hapa uthibitishe nenosiri, usibonyeze. Nenda mwenyewe kwenye tovuti kwa kuandika anwani yake. Na fundi, hata mimi, hahitaji nenosiri lako kwenye kikaratasi. Liandike kwa mkono wako kwenye simu, mbele yake.

Ukiwa umefanya yote

Zima simu na uiwashe. Kama kasoro ni ya mtandao, rejesha mipangilio ya mtandao upya, ukijua kwamba manenosiri ya Wi-Fi zote ulizowahi kuunganisha yatafutika. Kisha, na baada tu ya kuhakikisha barua ziko kwenye seva, ondoa akaunti uiweke tena.

Ikishindikana hata hapo, unaelekea kupiga simu kwa anayekuhifadhia barua au kwa mtu wa kompyuta wa ofisini kwenu. Kabla hujapiga, piga picha ya skrini yenye maneno ya kosa kama yalivyo, si unavyoyakumbuka. Andika saa lilipotokea, kama ulikuwa kwenye Wi-Fi au data, aina ya simu, toleo jipya la mfumo, na kama kivinjari kinafungua barua au la. Ukiwa na hayo sita mkononi, hutaulizwa kama umejaribu kuzima na kuwasha. Mtaanzia pale ulipofika.